Mtangazaji wa Stoo ya Magodoro

Siku ya kwanza kumtia machoni, alikuwa amesimama katikati ya stoo yangu ya magodoro, peke yake, anapiga makofi.

Hakuwa anashangilia kitu. Alipiga kofi moja, akanyamaza, akainamisha kichwa upande kama anayengoja kuitikiwa. Akasogea kwenye kona yenye marobota ya pamba, akapiga tena, akasikiliza. Mimi nilikuwa mlangoni nimekumbatia jora la kitambaa, nimeshindwa kuingia na nimeshindwa kuondoka. Vita vilikuwa vimeingia mjini majuma machache nyuma, na kila mtu alikuwa na lake lililomchanganya. Nikajisemea, huyu dada wa watu amepata mshtuko.

Ndipo aliponiona.

"Hapa sauti haizunguki," akasema. "Inafia pale pale inapotoka. Hii stoo ni yako, fundi?"

Jora likaniponyoka. Sauti ile niliijua kuliko sauti za dada zangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nashona huku naisikiliza. Ilikuwa ya yule mwanamke wa redio ya mji wetu, aliyesoma salamu za wasikilizaji kila asubuhi, na matangazo ya misiba, na funguo zilizookotwa sokoni, na mbuzi waliopotea. Watu walimwita Salamu, na sidhani kama kuna aliyelijua jina lake la kwao. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimemjenga mama mnene, mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Kumbe ni mtu mwembamba kama uzi, umri wake karibu na wangu, kavaa kandambili za kiume na mkoba wake umeungwa mkanda kwa waya. Nilimtazama mdomo nikijiuliza sauti kubwa kama ile inapitaje hapo.

Alinieleza shida yake akiwa amesimama. Jengo la redio lilikuwa limepigwa kombora. Waandishi na watangazaji wenzake wakubwa, wale wa taarifa ya habari, walikuwa wamekimbia. Wamebaki yeye na fundi mitambo, bwana mmoja mwenye upara ambaye wote walimwita Waya. Mitambo waliiokoa kwa mkokoteni, imefunikwa kwa magunia ya kabichi. Sasa walitafuta chumba kisicho na mwangwi, na mtu fulani alimwambia kwamba magodoro hunyonya sauti.

Kusema hapana ni kazi iliyonishinda tangu nizaliwe, na kusema ndiyo nayo si rahisi sana. Mke wangu ndiye aliyetokea nyuma yangu na unga mikononi, akamtazama kuanzia kandambili hadi utosi, akamuuliza mkokoteni uko wapi, uingizwe haraka kabla majirani hawajaja kununua kabichi. Basi. Hivyo ndivyo redio ilivyohamia kwangu.

Stoo yenyewe iko nyuma ya karakana, ina dirisha moja dogo juu karibu na dari. Magodoro yaliyokamilika nilikuwa nayasimamisha kuzunguka kuta, sponji zimepangwa upande mmoja, pamba upande mwingine. Vumbi la pamba halionekani ila liko. Siku ya kwanza Salamu alipiga chafya katikati ya taarifa, na mimi niliyekuwa barabarani nikasikia nyumba kadhaa zikimwambia pole kwa pamoja. Hapo nikajua kwamba mtaa mzima unasikiliza.

Kwa wageni tulisema huyu ni dada yangu aliyekimbia mapigano. Mke wangu akaanza kumwita wifi, kwanza kwa mzaha, baadaye akasahau kwamba ni mzaha.

"Wifi," alimwambia siku moja, "huyu kaka yako toka tuoane hajaongea maneno mengi kama wewe unavyoongea kwa asubuhi moja. Mlilelewa nyumba moja kweli?"

Waya alitundika waya wa kurushia matangazo juu ya ua wetu, akaufanya ufanane na kamba ya kuanikia nguo ili asiutambue mtu wa nje. Aliufananisha mno. Mke wangu akaanika hapo vitambaa vya magodoro vilivyotoka kufuliwa, vimelowa chapachapa, na mji ukasikia taarifa yote ya jioni kama mtu anakaanga kitu kwenye mafuta. Waya alipanda juu ya pipa akiteremsha vitambaa kimoja kimoja, akimlalamikia mke wangu kwa upole mkubwa, na mke wangu akimjibu kwamba kamba ni kamba, na kama hataki ianikiwe nguo aiandikie jina.

Nilikuwa na udadisi na Salamu kuliko nilivyoweza kuonyesha. Nilihamishia ushonaji wangu karibu na mlango wa stoo, nikasema pana mwanga, na kutoka pale nikawa namwangalia anavyofanya kazi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakusoma. Nilidhani mtangazaji ni mtu wa kuandikiwa na kusoma. Kwake yeye habari haikuwa habari mpaka aliyeiona aje mwenyewe aiseme kwenye maiki. Mwenye kuona moto anakuja kusema moto. Mwenye kuona mkate umefika kwenye tanuri la mtaa wa juu anakuja kusema mkate. Kabla hajampa mtu maiki alimhoji kwanza, taratibu, kama mtu anayechambua pamba kutoa mbegu.

Alikuja kinyozi wa mtaa wa nyuma, anahema. Akasema ameona askari wengi kama siafu wanaelekea kwenye matangi ya maji.

"Ulikuwa umesimama wapi?" Salamu akamuuliza.

"Kwangu."

"Kwako sehemu gani?"

"Chumbani."

"Dirishani?"

Kinyozi akakuna shingo. "Chini ya kitanda."

"Sasa uliwaonaje?"

"Mama, wewe ungekuwa pale usingeuliza."

Salamu hakucheka. Alimwambia kwamba kusikia nako ni habari, ilimradi mtu aseme kwamba amesikia. Kinyozi akakaa mbele ya maiki, akautangazia mji kwamba yeye ni kinyozi, alikuwa chini ya kitanda, na amesikia viatu vingi vikipita kuelekea kwenye matangi. Mtaa ulimcheka mpaka jioni, na wateja wake wakaanza kumuuliza kama siku hizi ananyolea huko huko chini. Lakini siku ile hakuna aliyekwenda kuchota maji kwenye matangi, na hakuna aliyejutia.

Kwa nini anafanya hivyo, Waya ndiye aliyetueleza, siku ambayo Salamu alikuwa amekwenda kuoga. Mwanzoni mwa vita liliwahi kuja gari la askari na karatasi iliyosema barabara ya sokoni imetulia. Salamu akaisoma kama alivyozoea kusoma chochote alichopewa. Mama aliyekuwa akiuza mayai mlangoni pa redio aliisikia, akabeba trei zake akaenda sokoni. Hakurudi. Tangu hapo, alisema Waya, karatasi kwake ni ya kufungia vitumbua.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Kabla ya kuanza alivua kandambili, akakaa juu ya godoro lililoviringishwa, akaukazia macho ukuta wa mbele, penye godoro la kitambaa cha maua. Alizungumza na lile godoro kana kwamba limemfungulia mlango. Alitabasamu nalo. Habari ikiwa mbaya aliinama kidogo na kushusha sauti, kama unavyomwambia mtu mmoja, si mji. Na kila mwisho wa matangazo aliuliza, "Na wewe uliyekaa hapo, umekula?" Watu walilipenda swali hilo. Walilijibu majumbani mwao. Mimi nilitaka kujua ni nani aliyekaa hapo.

Niliona haya kumuuliza. Nikamtuma mke wangu amuulize Waya, na mke wangu akanijibu kwamba yeye si posta, ila akaenda.

Akarudi na jibu: ni mama mzazi wa Salamu. Alikuwa anaishi ng'ambo ya mto, upande wa pili wa mji, upande ulioshikwa na jeshi jingine. Macho yake yalikuwa yamefifia, na binti aliyekuwa akimsaidia kazi alikuwa amekimbilia kwao. Simu zilishakatika. Daraja lilifungwa tangu vita vianze. Alichobaki nacho yule bibi ni redio ndogo ya betri aliyoivaa shingoni kwa kamba. Kwa hiyo Salamu aliongea naye asubuhi na jioni mbele ya mji mzima, na mama hakuwa na njia ya kujibu. Salamu hakujua kama anasikilizwa. Hakujua kama bado kuna mtu wa kusikiliza.

Tangu nijue hilo, sikuweza tena kulitazama lile godoro la maua kama bidhaa. Mteja alikuja akalitaka, nikamwambia lina kasoro.

Ikafika siku ya karatasi.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Afisa mmoja wa jeshi lililoshika upande wetu aliingia karakana, akapangusa viatu mlangoni kwa adabu, akaenda moja kwa moja hadi stoo kama aliyeelekezwa vizuri. Alimpa Salamu karatasi, akamwambia aisome sasa hivi. Ilisema daraja limefunguliwa kwa raia, na walioko ng'ambo wanaruhusiwa kuvuka kuja upande wetu mpaka jua litakapotua.

Salamu aliipitia kwa macho mpaka mwisho. Kisha akamtazama afisa.

"Umelipita leo, mkuu?"

"Nimeletewa amri."

"Karibu ukae basi. Vuta hilo godoro. Useme kwamba umeletewa amri."

Afisa aliiangalia maiki kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Mama, kazi yako si kusoma?"

"Nilikuwa nasoma zamani," Salamu akasema. "Mbuzi wakipotea."

Afisa hakupandisha sauti. Aliiweka karatasi juu ya robota la pamba, akasema watu wakikwama ng'ambo leo, yeye asitafutwe, kisha akaondoka.

Waya alianza yeye, kwa sauti ya chini, akamwambia asome tu, wakati unakwenda, wakifunga tena huenda lisifunguliwe mpaka vita viishe.

"Mama akinisikia nasema limefunguliwa, atatoka," Salamu akasema. "Hataangalia kitu. Hata kama limekatika katikati, atatembea mpaka atumbukie, kwa sababu ni mimi nimesema."

"Basi nenda ukalione mwenyewe."

"Mimi nikienda nitaona ninachotaka kuona."

Waya naye hakuweza kutoka. Betri zilikuwa zinasumbua, akibandua mkono tu mtambo unazima. Wote wawili wakawa wanatazama chini. Mimi nilikuwa mlangoni na sindano yangu. Siwezi kusema niliamua. Nilishtukia nimeshaviringisha godoro na kulifunga kamba.

Mke wangu alinikuta ukumbini nalo kichwani. "Unalipeleka wapi?"

"Darajani."

"Wewe? Wewe ambaye ukikanyagwa unaomba radhi wewe?"

Nikamweleza kwamba hakuna anayemtazama mtu aliyejitwika godoro. Na ni kweli. Tangu vita vianze wakimbizi walikuwa wanapita mbele ya karakana kila siku, godoro juu, miguu chini, katikati hakuna uso. Anayekimbia anaacha kabati, anaacha meza, anaacha hata sufuria motoni, lakini godoro analibeba. Sijui kwa nini, na mimi ndiye ninayeyatengeneza. Mke wangu akanikazia kamba upande uliolegea, akaniambia nipite kivulini.

Mitaa ya kuelekea mtoni ilikuwa imefungwa milango. Nilitembea juu ya vioo vilivyopasuka. Nilipofika nilisimama kwenye ukuta wa duka la saruji, mahali unapoliona daraja lote, nikalitua godoro, nikaegemea kama mtu anayepumzika.

Daraja lilikuwa wazi. Watu walikuwa wanakuja, wengi, kutoka ng'ambo. Nilifurahi, nikataka kugeuka hapo hapo nikimbie kurudi. Miguu ilishageuka. Lakini nikakumbuka nitaulizwa, nikarudi nikaangalia vizuri.

Katikati ya daraja askari walikuwa wameweka kizuizi. Mwenye mikono mitupu alipapaswa kidogo, akapita. Mwenye godoro aliambiwa alitue, alifungue, kisha askari akalichana ubavu kwa kisu, akaingiza mkono mpaka begani kutafuta silaha. Kazi hiyo ilikuwa ndefu. Nyuma yake watu walirundikana wakaziba njia. Na juu, upande wa kilimani, kulikuwa na mtu au watu waliokuwa wakipiga risasi mara moja moja kuelekea pale penye mrundikano. Ukisikia mlio, umati wote unalala chini, halafu unainuka, na si wote wanaoinuka upesi.

Pamba ilikuwa inaruka juu ya vyuma vya daraja na kushukia majini. Niliona godoro moja lenye mshono wangu wa ukingoni, ule wa uzi uliosokotwa mara mbili, huwezi kuukosa. Kisu kikapita. Mwenye godoro, mzee aliyevaa koti, aliinama akawa anaokota pamba anaijaza kwenye mifuko ya koti lake. Watu wakampigia kelele asogee. Akaendelea kuokota.

Askari aliyekuwa karibu nami aliniuliza godoro nalipeleka wapi. Nikamwambia kwa mteja. Akacheka, akasema huyo mteja ana moyo, kuna mtu bado anafikiria usingizi. Akaniacha.

Nilirudi kwa njia ile ile, kwa haraka kuliko nilivyokwenda. Salamu alikuwa amekaa pale pale, peku.

"Limefunguliwa," nikasema.

"Ulisimama wapi?"

"Ukuta wa duka la saruji."

"Uliona nini, fundi? Usinipe jibu, nipe ulichoona."

Nikamwambia yote, shaghalabaghala. Pamba, kisu, mzee wa koti, mlio kutoka kilimani. Alinirudisha nyuma, akanipeleka mbele, mpaka vitu vikakaa mahali pake. Akaniuliza mwenye mikono mitupu alichukua muda gani kizuizini. Nikasema muda wa kumfuta mtoto kamasi. Na mwenye godoro? Muda wa kushona ukingo mzima.

Hapo akainuka. Alinishika mabega, akanikalisha juu ya godoro lake, akanisogezea maiki.

"Sema hivyo hivyo."

"Dada, sema wewe."

"Mimi sijaona."

Waya akabonyeza kitu, taa nyekundu ikawaka. Sikujua pa kutazama, nikalitazama lile godoro la maua kama yeye. Kisha nikasema mimi ni fundi magodoro. Nimetoka darajani sasa hivi. Liko wazi, nimeliona kwa macho yangu. Nikasema kuhusu kizuizi, na kilima, na mrundikano. Halafu nikasema, na sauti yangu niliisikia ikitetemeka kama kifuniko cha birika, "Yaacheni magodoro. Mengi nimeyashona mimi, nayajua yalivyo, na mimi ndiye ninayewaambia, yaacheni nyumbani. Njooni mikono mitupu."

Salamu alingoja kuona kama nimemaliza. Kisha akavuta maiki. Nilidhani sasa atamwita mama yake. Hakumwita. Alirudia kutaja mahali niliposimama na nilichoona, akasema kilima bado kinapiga, akasema kila mtu apime mwenyewe. Lile swali la umekula hakuliuliza. Taa ilipozima alivaa kandambili zake, ya kulia mguu wa kushoto, akatoka nazo hivyo hivyo mpaka uani.

Walianza kufika jua lilipoanza kushuka. Njia kuu ya kutoka mtoni inapita mtaani kwetu, kwa hiyo wote walipita kwetu. Wengine wamebeba watoto, wengine wameshika viatu mikononi sijui kwa nini, mmoja kabeba saa ya ukutani. Magodoro yalikuwa machache sana. Waliosikia redio waliwaambia wasiosikia, na njiani, walisema, magodoro yameachwa yameegemea kuta kama watu wanaongoja zamu. Haikuwa salama kwa wote. Walikuwepo waliopita mbele yetu na damu ya wenzao kwenye nguo.

Bwana mmoja aliusoma ubao wa karakana yangu, akasimama. "Kumbe ndiye wewe uliyesema tuyaache," akasema. "Fundi, umejitafutia soko mji mzima."

Mke wangu akamjibu kwa niaba yangu kwamba aingie anywe maji kwanza, matusi yana muda wake.

Salamu alisimama mlangoni muda mrefu akitazama kila mwanamke mzee anayepita. Ilipofika saa ya matangazo ya jioni aliingia stoo. Kazi ni kazi. Akavua kandambili, Waya akawasha, akaanza kurudia habari za daraja, kwamba karibu linafungwa, walioko njiani waharakishe.

Katikati ya sentensi mtambo ukalia. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, wa kupasua masikio, na ulizidi kukua. Waya aliruka akishika hiki na kile, akinong'ona kwamba kuna mpumbavu kaleta redio iliyowashwa karibu na maiki, ndiyo inayofanya hivyo, sauti inatoka na kurudi. Mimi nikageuka kumfukuza mpumbavu mwenyewe. Nikaona uso wa Salamu. Alikuwa ameinuka, mkono mdomoni, haangalii godoro la maua tena. Anaangalia mlango.

Aliingizwa na mama mmoja jirani yake aliyemshika mkono. Kibibi kifupi, kitambaa kichwani, na redio ndogo shingoni ikipiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Zimeni hilo lidude, masikio yananiuma," akasema, na mji mzima ukamsikia.

Waya akaizima ile redio, lakini mtambo akausahau. Kwa hiyo mji ulisikia na yaliyofuata. Ulimsikia Salamu akilia. Ukamsikia mama yake akimpapasa na kumwambia, "Kila siku unaniuliza nimekula, nimekula. Chakula chenyewe uliniletea?"

Alipopewa kiti na chai, aliuliza yuko wapi mwanamume aliyemwachisha godoro lake. Nikasukumwa mbele. Akanishika mkono, akaupima vidole kimoja kimoja.

"Nalilalia tangu nilipoolewa," akaniambia. "Lina shimo langu la kiuno. Utalipata wapi shimo hilo?"

Nikasema nitamshonea jingine.

"Siku zote huyu binti yangu akisema jambo namwamini kwa sababu ni wangu. Lakini leo nilikuwa nimekata shauri, sitoki bila godoro langu. Ni wewe uliyenitoa. Nikasema, mtu anayeogopa kusema kiasi hiki, na bado anasema, basi ameona."

Mke wangu alimwita mama mkwe. Kibibi akamuuliza huyu ni mke wa nani, akaelezwa hadithi ya undugu wetu wa bandia, akasema kama ameshapata mwana mkubwa bila uchungu wa kuzaa, hana neno.

Baada ya hapo nilitegemea Salamu atatangaza kwa raha kuliko kwanza. Haikuwa hivyo. Alijikwaa. Alikaa juu ya godoro, akatazama ukuta, akaanza, akasita, na mama yake alikuwa nyuma yake anakohoa na kuuliza kama chai ipo. Alimwambia mke wangu kwamba sasa hajui anaongea na nani. Hilo lilinishangaza sana, kwamba furaha inaweza kumwibia mtu sauti. Ilimchukua siku kadhaa. Nilimwona akiwafuata waliovuka, akiwauliza nani alibaki kwenye nyumba zao, yukoje, anapenda kukaa upande gani wa chumba. Polepole sauti ikarudi. Haikuwa ile ile, ilikuwa na mwendo mwingine, na sikupata kujua alikuwa anamwona nani.

Daraja halikufunguliwa tena. Mapigano yakasogea upande wetu, na mabomu yakaanza kuangukia mitaa ya jirani. Wenye redio wakatuma lori lichukue mitambo na watu wao waende mji ulio mbali. Lilikuja asubuhi. Waya alikunja waya wake kutoka uani, akamwambia mke wangu kwamba sasa aanike atakavyo. Nilikuwa nimemshonea bibi godoro la pamba, sehemu ya kiuno nikaipunguza kwa kukisia. Alilijaribu pale pale juu ya sakafu ya lori, akajigeuza mara mbili, akasema shimo liko juu kidogo ila atajitahidi kurefuka.

Salamu alimpandisha mama yake mbele, akarudi mpaka mlangoni kwangu. Watu waliovuka walikuwa bado wanakuja kwetu kila siku kutafuta maiki. Wengine habari zao zilishapitwa, wengine walirudia yale yale ya darajani, na yeye aliwasikiliza wote. Aliangalia barabarani, kisha akaangalia stuli yangu ya kushonea.

"Fundi," akasema, "wakija, watolee stuli wakae. Usiwaambie tumeondoka mpaka wamalize kusema."